Kazi ya Nyumbani ya Mwalimu Klara

Mwaka ule wa 1995, karibu kila mwalimu wa Shule ya Msingi Mselemu, pale Singida mjini, alikuwa na biashara yake. Kengele ya mapumziko ikilia, mmoja alifunua ndoo ya maandazi, mwingine alitandaza mitumba juu ya dawati bovu, na Mwalimu Mkuu Christopher alipanda baiskeli kwenda kuangalia mashine yake ya kukamua alizeti. Mwalimu Klara Msengi peke yake hakuuza kitu. Alibaki darasani akisahihisha madaftari. Alikuwa na miaka arobaini na minane, hakuolewa, na ndugu zake walikuwa mbali, Ulemo. Alipanga chumba cha uani kwa Bi Chiku, na kila magharibi Bi Chiku alimletea sahani ya chakula mlangoni. Siku nyingi ile sauti ya "Mwalimu, pokea," ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya mtu mzima iliyomsemesha tangu atoke shuleni.

Bi Chiku alikuwa mjukuu wa Mzee Mselemu, yule ambaye shule ilipewa jina lake. Kila Ijumaa mstarini watoto waliimba kwamba Mselemu alichimba kisima mji ukanywa, Mselemu alitoa uwanja watoto wakasoma. Klara alikuwa amefundisha historia Darasa la Tano kwa miaka kumi na mmoja, na wimbo huo alikuwa akiusikia kila wiki. Kitabu kilisema biashara ya watumwa ilikuwa Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Watoto walikariri, wakajibu mtihani, wakasahau. Kwao utumwa ulikuwa jambo la watu wa pwani, watu wasiojulikana kwa sura wala kwa ukoo. Klara alijua kwamba misafara ya watumwa ilipita hapo hapo, katika ardhi ambayo watoto hao walichezea mpira, na jambo hilo halikumpa raha. Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba akawaambia:

"Nendeni mkawaulize wazee nyumbani. Misafara ilipopita huku, kwenu walikuwa wakifanya nini? Andikeni. Jumatatu kila mmoja atasoma mbele."

Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyefungua dirisha.

Jumatatu wa kwanza kusoma alikuwa Abdillahi, mjukuu wa Bi Chiku, mtoto mwenye sauti kubwa na mwandiko mzuri. Alisoma kwamba Mzee Mselemu alikuja na msafara kutoka pwani, kwamba alikuwa na watu wengi wa kumfanyia kazi, kisha akaendelea kwa sauti ile ile: "Katika watu hao alikuwemo bibi mkubwa wa kina Hanifa. Alinunuliwa huko magharibi kwa gora mbili za kitambaa cha kaniki."

Hakusoma kwa ubaya. Alisoma kama mtu anayetaja ng'ombe waliokuwa zizini.

"Gora mbili tu?" mtoto mmoja akauliza kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Hanifa alikuwa dawati la tatu, daftari lake liko wazi, mkono umeinuka nusu kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yake. Mkono ukashuka. Klara aliuona ukishuka. Akasema, "Asante, Abdillahi. Kaa. Anayefuata."

Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hakuweza kujisamehe hilo neno "anayefuata".

Kufikia mapumziko jina lilikuwa limeshapatikana. "Gora Mbili, njoo uruke kamba! Gora Mbili, zamu yako!" Jumanne Hanifa hakuja. Jumatano hakuja. Wiki ya pili mtoto mwingine alihamia kwenye nafasi yake bila kuambiwa na mtu.

Mwalimu Mkuu Christopher alimwita Klara ofisini.

"Mwalimu Klara, muhtasari unasema nini?"

"Bagamoyo, Kilwa, Unguja."

"Sasa nani amekutuma uufikishe Singida?"

"Misafara ilipita Singida, Mwalimu Mkuu."

"Ilipita, ikaenda zake. Iache iende. Halafu huyo Mzee Mselemu jina lake liko kwenye kibao cha shule. Unataka nikalifute kwa mate?"

"Sitaki lifutwe. Nataka Hanifa arudi."

"Basi rudi kwenye kitabu, naye atarudi."

Klara alirudi kwenye kitabu wiki nzima. Hanifa hakurudi. Ndipo mchana mmoja, baada ya vipindi, akatembea mpaka upande wa ziwa Kindai, alikokuwa akiishi Bibi Kauthar, bibi aliyemlea Hanifa na aliyejulikana mtaani kwa kuuza kuku. Alimkuta barazani anachambua mtama. Nyuma ya pazia la mlango palionekana miguu miwili ya mtoto, imetulia.

"Hodi hapa."

"Karibu. Kama umefuata kuku, wameisha. Wanunuzi wa Dar wamewabeba wote, hata mwenye chongo."

"Shikamoo, Bibi. Mimi ni mwalimu wake Hanifa."

"Marahaba. Nakujua. Wewe ndiye uliyetaka bei."

"Sikutaka bei, Bibi. Nilitaka watoto wajue ukweli."

"Wameujua. Gora mbili. Hata muuza mkaa sasa anaujua." Bibi Kauthar alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Jina lake je, kuna aliyeuliza?"

Klara aliketi ukingoni mwa baraza.

"Kwa Mselemu walimwita Faida. Kwao aliitwa Nyanzala. Kisima kile mnachokiimba, yeye ndiye aliyeteremshwa kwa kamba, maana alikuwa mdogo kuliko wote, akijaza udongo kwenye kapu. Mselemu alisimama juu, na viatu vyake miguuni. Lakini mwaka wa njaa, Mselemu huyo huyo alifungua ghala lake, mama yangu, binti wa Nyanzala, akala, na majirani wasiomhusu wakala. Mimi nikiulizwa nasema yote mawili. Harusi zao nakwenda. Kila mara napangiwa jikoni, na nakwenda."

"Naweza kuwaambia watoto hayo?"

"Na kwenu?"

"Kwetu?"

"Misafara ilipopita, kwenu walikuwa wakifanya nini? Si ndivyo ulivyowauliza? Wewe kazi yako umeifanya?"

Klara alitazama mtama kwenye ungo. Jibu alikuwa nalo tangu akiwa msichana mdogo. Kule Ulemo, baba wa babu yake alikuwa akiwaonyesha wafanyabiashara njia, na mwaka mmoja aliwapa binti wa marehemu ndugu yake, wakampa gobore. Gobore hilo lilitundikwa ukutani mpaka Klara anakwenda chuo cha ualimu. Watoto wa ukoo waliambiwa kwamba liliua simba.

"Ukishaifanya," Bibi Kauthar alisema, "ndipo uje umwite mtoto wangu."

Jumatatu Klara aliingia darasani bila kitabu. Aliwaambia watoto kwamba aliwatuma wao kabla hajajituma yeye, na kwamba huo ni uvivu wa mwalimu. Kisha akawasomea yake: njia, binti, gobore, na ule uongo wa simba. Abdillahi akauliza kwa mshangao wa kweli:

"Kwa bunduki moja tu, Mwalimu?"

"Moja tu," alijibu Klara.

Aliwaambia habari za Nyanzala ndani ya kisima, na za Mselemu juu ya kisima, kisha za Mselemu na ghala lake mwaka wa njaa. Alimwambia Abdillahi kwamba hakukosea kusoma alichoambiwa nyumbani. Aliyekosa ni mwalimu, aliyeliachia jambo njiani. Hakuwaambia wampende Mselemu wala wamchukie. Aliwaambia wasimweleze mtu yeyote kwa kitu alichobadilishwa nacho.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Magharibi ile hakuna aliyebisha mlango. Alimkuta Bi Chiku uani anaanua nguo.

"Mwalimu, miaka minne tumekula sahani moja."

"Bi Chiku, nilisema na habari ya ghala."

"Ghala ulilitaja mwisho," alisema Bi Chiku, akaingia ndani na nguo zake.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kaka yake kutoka Ulemo, maana Klara alikuwa amemwandikia kumweleza alichokisema. Ilikuwa fupi. Umetuanika mbele ya watoto wa watu, aliandika. Likizo hii usije. Klara aliikunja, akaiweka chini ya godoro, akamenya viazi vyake na kuvila akiwa amesimama.

Lakini Hanifa alirudi. Alirudi Alhamisi ya wiki ile ya somo, kabla Klara hajakwenda kumwita, sare imepigwa pasi, na yule aliyekuwa amekalia nafasi yake akampisha. Lile jina halikufa siku hiyo. Lilisikika mara moja moja uwanjani, kisha likachoka. Hanifa mwenyewe hakutoka tena wakati wa mapumziko. Alikaa dawatini akila karanga, na Klara akasahihisha madaftari mbele, na nje watu waliuza maandazi. Hivyo walikaa siku nyingi, wawili katika chumba cha watoto sitini, bila kusemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba.

Siku moja Hanifa alisema, "Mwalimu."

"Naam."

"Yule mtoto wa kwenu aliyetolewa kwa bunduki. Mlimtafuta?"

Klara aliweka kalamu chini.

"Hapana. Hatukumtafuta."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui, Hanifa. Hakuna aliyenitajia."

Mtoto alimtazama bila hasira, kama anayengoja mtu amalizie sentensi. Hanifa akarudi kwenye karanga zake.

Klara alichana karatasi katikati ya daftari la maandalizi, akaandika tarehe, na chini yake: *Kwa Shangazi Raheli, shikamoo.* Raheli ndiye mzee pekee wa ukoo aliyebaki ambaye huenda alilisikia jina la yule binti. Hakujua kusoma. Barua zake zote alisomewa na yule yule kaka yake Klara.