Mke wa Mwanangu Alinikatalia Kulala

Niliamini mke wa mwanangu anataka kuniua.

Si kwa sumu. Si kwa uchawi. Kwa kunitembeza.

Ilikuwa mwaka 1998, Durban. Tulikaa Umbilo, ghorofa ya tatu, kwenye flati yenye jiko la rangi ya maziwa na dirisha lililokuwa linagongagonga upepo ukija. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, vita ndivyo vilivyotutoa. Mwanangu Urbain alikuwa Cape Town, analinda magari ya watu madukani. Nyumbani tulibaki mimi na mke wake, Peguy, msusi kwenye saluni ya Wakongo.

Peguy alikuwa mtoto mzuri, sikatai. Chai yangu na maziwa ya unga, ndagala zangu zimekaangwa kavu, kitanda changu kimetandikwa.

Halafu akaenda Johannesburg, akasema anafuata nywele za saluni. Aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Mama, amka. Tutoke."

"Tuende wapi na jua halijatoka?"

"Kutembea tu. Miguu yako inavimba kwa kukaa."

Miguu yangu ilivimba tangu mimba ya Urbain! Leo ndiyo imekuwa ugonjwa?

Nikatoka. Kesho yake tena. Mvua ikinyesha, alinipandisha na kunishusha ngazi za jengo mpaka majirani wakafungua milango kutuangalia.

Mama Godelive, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, aliposikia alipiga makofi.

"Mama Urbain! Kwetu mama mkwe anatembezwa kama mbuzi wa mnada? Fungua macho. Huyo mtoto iko na kitu."

Nikafungua macho.

Asubuhi Peguy alikuwa anatapika, huku amefungulia bomba la maji ili nisisikie. Mimba? Urbain hajakanyaga Durban tangu Noeli!

Tena wigi. Leo fupi, kesho refu, na akilala amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayeficha dhahabu.

Na kulikuwa na mwanaume.

Pale kwenye robot ya Umbilo Road, taa za barabarani, tukisimama kungoja nyekundu igeuke, alikuwa anatokea Mkenya mmoja, amevaa tracksuit, upara unang'aa. Jina lake Absalom.

"Habari ya asubuhi, mathe!" ananisalimia, meno nje.

Halafu anamshika Peguy mkono. Anaushikilia! Anaangalia saa yake, kimya, mimi mama mzaa chema nimesimama hapo hapo.

"Nani huyo?" niliuliza tulipomwacha.

"Mteja wa saluni, Mama."

"Mwenye upara anasukwa nini?"

Peguy alicheka mpaka akaegemea ukuta kutafuta pumzi. Mimi sikucheka.

Siku hiyo nilikwenda kwenye duka la simu kumpigia Urbain. Nilijua vizuri: neno moja likinitoka, ndoa imekwisha. Urbain ana moto wa marehemu baba yake. Asingeuliza mara mbili.

Nikabonyeza namba. Kabla haijaita, nikakata.

Mimi ni mtu wa subira. Mwizi hakamatwi kwa kelele. Nione kwanza kwa macho yangu.

Ijumaa, tulipofika robot, Peguy akasema, "Rudi nyumbani, Mama. Mimi napita Chatsworth kwa Wahindi kuchukua nywele."

"Sawa, mwanangu."

Nikajibanza nyuma ya gari la mikate.

Hakupanda taxi. Alifuata ukuta wa hospitali, akakata kona, akaingia ukumbi mmoja wa zamani. Absalom ndiye aliyemfungulia mlango.

Nikasogea dirishani, nikachungulia.

Eish.

Mle ndani watu walikuwa wanazunguka. Bibi wa Kihindi, amevaa sari na raba nyeupe. Baba wa Kizulu ameshika kiti, anachuchumaa na kuinuka. Mzungu mwembamba anainua chupa za maji juu ya kichwa. Hakuna wimbo. Hakuna Biblia. Nikasema moyoni: hili ni dhehebu, na mkwe wangu wamemchukua!

Peguy naye alizunguka, akazunguka. Akafuta jasho. Kisha akavua wigi, akaliweka mezani kama mtu anavyoweka kofia.

Kichwa kilikuwa kitupu. Hakuna hata unywele mmoja.

Nafikiri nilipiga kelele, maana wote waligeuka.

Peguy alitoka akanikuta nimekaa chini kwenye nyasi.

"Ni kansa, Mama. Ya titi. Sikwenda Johannesburg. Nililazwa hapa hapa, nikapasuliwa."

"Na mimi nimo ndani ya nyumba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenilaza."

Absalom alichuchumaa karibu yangu. "Mathe, hawa wote ni wagonjwa, mimi nawafundisha mazoezi. Dawa anayopewa ni kali, inamwangusha. Daktari wake amekubali atembee, polepole. Kutembea hakutoi kansa. Kunampa nguvu ya kuibeba hiyo dawa."

"Na mkono wake unaushikia nini?"

"Napima mapigo ya moyo."

"Pima, lakini usitabasamu."

Peguy akacheka huku analia. Akaniambia, "Mwanamke peke yake njiani alfajiri, bwana yuko mbali, Wakongo wa Umbilo wangesema nini? Lakini nikitoka na mama mkwe, ni heshima."

Kumbe! Siku zote hizo mgonjwa alikuwa yeye. Mimi nilikuwa pazia.

"Unamkumbuka Antoinette wa kanisani?" akauliza.

Nilimkumbuka. Alipotajiwa ugonjwa huu, tulimnyang'anya ufagio, sufuria, hata mtoto wake mgongoni. Kwetu ndiyo mapenzi: mgonjwa anyooshwe kitandani, watu wakae wamzunguke. Ugonjwa ndio ulimuua, sisemi hapana. Lakini miguu yake tuliizima sisi.

"Mama, usinilaze," Peguy akasema. "Na usimwambie Urbain. Acha nimwambie mwenyewe, nikiwa nimesimama."

Jumapili, hodi.

Mama Godelive na akina mama, wamebeba blanketi na vitabu vya nyimbo.

"Mama Urbain, kuna mtu amemwona Peguy akitoka wodi ya kansa. Sema ukweli. Nani mgonjwa hapa?"

Peguy alikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi.

Nikashika kifua.

"Ni mimi," nikasema. "Peguy anakwenda kunichukulia dawa."

Ole wangu! Walinilaza kabla sijamaliza kukohoa. Blanketi juu ya blanketi, Durban na joto lake! Wakaimba mpaka jioni. Nilitaka kwenda chooni, wakakataa nisisimame.

Chini ya blanketi nikaelewa, bila daktari wala Absalom, mtu mzima anavyoweza kufishwa na mapenzi.

Tuliendelea kutoka kila asubuhi. "Mgonjwa gani anatembea?" Godelive alifoka. "Amri ya daktari," nikajibu, na sikudanganya, ila sikutaja mgonjwa.

Habari zikafika Cape Town. Urbain akapanda basi, akaingia akilia, "Mama! Mama!" Nikamwonyesha chumba chao. "Nenda kwa mke wako."

Mlango ulifungwa. Maneno sikuyasikia. Nilikaa macho nikingoja ule moto wa baba yake.

Alfajiri nikasikia funguo. Nikachungulia dirishani: Urbain amevaa viatu vyake vya kazi, Peguy kichwa wazi, wanavuka barabara taratibu, mkono kwa mkono.

Mimi nikarudi kujifunika. Godelive alikuwa njiani anakuja kuniombea.

Peguy yuko hai mpaka leo, anakaa Queensburgh, hapa hapa Durban, na ndiye aliyenipa ruhusa niandike. Nami bado ni mtu wa kushuku, Mungu anisamehe, sitabadilika.

Ila neno langu ni hili. Mgonjwa wako mpelekee chai, mwombee, mpikie. Halafu muulize daktari wake kama anaweza kutoka. Akisema ndiyo, tafuta viatu vyako. Kumlaza mtu ni rahisi. Kumwinua ndiko kunakotaka ndugu.