Kitanda na Mstari wa Arobaini na Moja

Ofisini kwetu Malindi, tunakochapisha orodha za mizigo ya boti, tulikuwa na desturi moja: programu ikikwama, aliyeandika mstari wenye kosa ndiye anayesimama dirishani kuwaomba radhi wenye mizigo. Programu yenyewe ni ya Perl, lugha ya kompyuta ya zamani, na tuliiandika wawili. Mistari hamsini ya mwanzo ni ya dada mmoja wa Jang'ombe, inayofuata ni yangu. Sikusoma sana, lakini kuhesabu hadi hamsini naweza. Ndivyo nilivyodhani.

Wiki ile ilikwama mara tatu, kila mara mbele ya mzee yule yule anayepeleka kitanda Dar es Salaam, na kila mara kompyuta ikataja mstari wa arobaini na moja. Dada akasimama dirishani mara tatu. Mkuu wetu akamwambia ikikwama tena, kiti chake basi, atahamia ghalani. Nilimwonea huruma, ile huruma tamu ya mtu asiye na kosa.

Mzee akarudi na kitanda. Ikakwama.

"Kaka," dada akaniambia kabla mkuu hajafika, "mstari wangu huo unaandika kichwa cha orodha tu. Hebu nsomee kosa lenyewe."

Nilikuwa sijapata kulisoma. Kiingereza chake kirefu. Nilizoea kurukia namba.

"Inasema tumegawa kwa sifuri."

"Mie nimegawa wapi?"

Aliyegawa ni mimi: uzito kwa idadi ya magunia, na kitanda hakina gunia. Lakini mstari ule kwenye faili ni wa hamsini na nane. Ndipo nikakumbuka kichujio changu, kijiprogramu nilichokiandika kifute maelezo yote, ile mistari ya kusomwa na watu tu, kabla Perl haijaisoma kazi yetu, ati iende haraka. Kilifuta mistari kumi na saba, na iliyobaki ikapanda juu. Niseme haki: maelezo yale niliyapachika mimi katika sehemu ya dada, kumkumbusha awe mwangalifu.

Dawa ya namba ilikuwa ndogo: kinapofuta, kiache mstari mtupu, hesabu isisogee. Nikatengeneza, nikajaribu. Sasa ikataja hamsini na nane, mstari wangu, nao nikaurekebisha. Nikamweleza mkuu yote, hata ya mara tatu za nyuma. Sijui kama ni uungwana, au ni kwa sababu dada alisimama nyuma yangu.

Nikaenda dirishani.

"Shikamoo, mzee. Utuwie radhi."

"Marahaba. Yule mwenzako anaomba radhi vizuri zaidi."

"Atazoea, mzee wangu," dada akajibu kutoka kitini kwake. "Ana zamu zangu tatu."