Hesabu ya Hamsini

Enzi zetu watoto wa mtaa wa Amalemba, koti la mieleka halikununuliwa. Lilishonwa nyumbani kwa magunia ya unga, yale ya kitambaa cheupe, na maandishi ya kinu yalibaki mgongoni hata ulifue mara ngapi. Leo asubuhi, nikipakia vifaa vyangu vya shindano la jiu-jitsu ya Kibrazili, nililikumbuka koti lile, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Mimi huyu, mwenye stashahada ya umeme, niliyefanya kazi Doha na kurudi kujenga ghorofa bila kumpigia mtu magoti! Vijana wa klabu yetu koti likipungua kidogo baada ya kufuliwa wanalalamika kwenye simu wiki nzima.

Sisi tulifundishwa na Mwalimu Barasa, aliyejifunza judo alipokuwa askari. Mwaka mmoja alitupambanisha na watoto wa Shirere, na mshindi angepelekwa kushindana Kisumu. Kisumu! Mimi sikuwa nimefika hata Mbale pale jirani. Sheria yake ilikuwa moja: koti likichanika, watu wako walishone ukiwa umelivaa, kabla umati haujahesabu hadi hamsini. Wakichelewa, umetoka.

Wiki ile nyumba yetu iligeuka kiwanda. Mama alishona kwa uzi wa katani huku obusuma, ugali wetu, ikiungua jikoni. Shangazi Rasoa alijaribu kila mshono kwa meno. Mimi nililipiga koti pasi ya makaa mpaka likanuka moshi.

Siku yenyewe hatukumaliza dakika. Musa, jitu la Shirere, alinivuta mara moja tu: chraa! Ubavu wote wazi mpaka kiunoni. Mama akaruka uwanjani, sindano ya magunia mdomoni.

"Mojambilitatu!" Shirere walihesabu kama wanaofukuzwa na nyuki.

"Mooo-ja!" watu wetu wakavuta.

"Simama, wewe! Unatetemeka kama kuku ameona wageni!"

"Mama, unanidunga!"

"Afadhali nikudunge kuliko Kisumu ikupite!"

Alikata uzi kwa meno, Mwalimu akitangaza arobaini na tisa. Kumbe kwa ile haraka alikuwa ameshona koti pamoja na kaptula! Sikuweza kunyooka. Musa akavuta koti, kaptula ikapanda, nami nikamfuata mzimamzima kama gunia la viazi. Akacheka mpaka magoti yakamlegea, nikamwangukia. Mwalimu Barasa aliniinua mkono huku akifuta machozi ya kicheko, na jioni ile sikumruhusu mtu kufumua uzi hata mmoja.

Siku hizi mambo yamenyooka. Koti likichanika, unakwenda mwenyewe kwenye mkoba kuchukua jingine. Mimi ninayo mawili ya akiba, yana mshono wa mashine na jina langu kifuani. Ni maendeleo, siyakatai. Lakini Jumamosi shindanoni, kitambaa changu kikilia chraa katika ukumbi ule uliojaa watu, hakuna hata mmoja atakayeinuka kitini na sindano mdomoni.