Mbegu Nilizompa Konsolata

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Kumekucha na ukungu, saa nne ikanyesha mvua ndogo ya kulaza vumbi, mchana jua likatoka.

Leo mume wangu alikuwa uani akichanganya mbegu za maharage na dawa ya unga, mimi nikaingia ndani nikafunga dirisha. Akacheka. "Mama Deo, dawa hii ni ya wadudu. Wewe unakimbia nini?" Harufu ile, kama chaki iliyolowa iliyochanganywa na kutu, hunirudisha kwetu Murukulazo, kule Ngara, mwaka wa tisini na nne, nilipokuwa na miaka kumi. Tumekaa miaka mingi pamoja hapa Bisibo na sijawahi kumweleza. Nimeishia darasa la saba, mimi si mwandishi, na huenda mengine nimeyakumbuka vibaya. Lakini nitajaribu kumtendea haki kila mtu, hata Baba, ambaye hayupo tena kujitetea.

Mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa ng'ambo ya vilima vyetu. Nisikudanganye wewe unayesoma, ukadhani sisi wenyeji tulikuwa wema wote, au wao wabaya wote. Ndizi zetu ziliibwa, hilo ni kweli. Mikaratusi ya Baba ilikatwa ikabaki visiki. Ni kweli pia kwamba tulipata watu wa kutulimia kutwa nzima kwa chakula kidogo ambacho mwenyeji angekicheka, na hatukuona aibu. Baba aliwasema wakimbizi maneno makali wakati wa kula, halafu wakati wa sala anawaongezea Salamu Maria moja. Nilikuwa sijui nimwamini Baba yupi.

Konsolata alikuja asubuhi moja ya mwezi wa Rozari, yaani Oktoba kama sasa. Mama hakuwepo, alikuwa Biharamulo kwa dada yake mgonjwa, na mdogo wangu akiwa mgongoni mwake. Konsolata alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, amevaa rozari ya mbegu nyeusi shingoni. Lugha yake na Kihangaza chetu ni kama watoto wa mama mmoja, kwa hiyo tulisikilizana. Baba akampimia kipande cha migomba cha kupalilia, akaniambia, "Akimaliza, mpe mabakuli mawili ya maharage." Kisha akapanda baiskeli akaenda kwenye kikao cha kigango, yaani kanisa letu dogo la pale kijijini.

Mama yule alilima bila kuinua mgongo. Akaniambia ana watoto watatu, na kwamba wanakaa karibu na tangi la maji. Saa sita alisimamisha jembe, akaniomba niongoze sala ya Malaika wa Bwana. Nilijua mwanzo na mwisho tu. Katikati nilipopotea, alinishika mkono kwa maneno, akanivusha, wala hakucheka.

Sasa sikiliza kosa langu. Nyumbani maharage yalikaa mahali pawili. Nyuma ya mlango palikuwa na gunia la kula, yaliyochanganyika, mengine yametobolewa na wadudu, na mawe humo humo. Juu ya jiko, darini, palikuwa na chungu kikubwa cha mbegu. Mama alikuwa akizichagua mbegu zile kwa siku nzima mkekani, punje moja moja, zenye rangi moja na umbo moja, halafu anazichanganya na majivu ili zisiliwe na wadudu. Miezi ya njaa, gunia likiisha, tuliwahi kuchota chunguni, tukaosha majivu, tukapika. Sijasikia majivu yameua mtu.

Na wiki ile katekista alikuwa ametusomea habari za Kaini na Abeli. Abeli alitoa kilichonona. Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na nilikuwa na kiu ya utakatifu kama mtoto anavyokuwa na kiu ya soda. Nikalitazama gunia lile na mawe yake, nikamkumbuka Konsolata na ile sala. Nikaona nikimpa haya nitakuwa Kaini. Nikapanda kwenye kinu, nikachota chunguni mabakuli mawili, tena ya kufurika. Unga uliokuwa juu yake ulikuwa mweupe kidogo kuliko majivu ya siku zote, na ulinipiga puani. Sikuwaza lolote.

Konsolata aliyatazama maharage yale muda mrefu.

"Ni haya, mwanangu?"

"Ndiyo haya."

"Baba yako amesema haya?"

"Amesema maharage."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Akayafunga katika kipande cha kitenge, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaondoka. Ilikuwa kama saa saba.

Baba alirudi saa tisa. Nilimkimbilia njiani kumwambia, maana nilitaka sifa. "Nimempa yaliyonona, Baba, kama Abeli."

"Yapi?"

"Ya chunguni."

Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika uso vile, isipokuwa msibani. Jumapili, kwa kuwa Mama hakuwepo kuandaa majivu, Baba alikuwa amenunua dawa ya unga gulioni, akaimimina chunguni akachanganya. Kopo alilificha chini ya kitanda chake ili nisiliguse. Mbegu alizirudisha palepale zilipokaa miaka yote, na hakuniambia. Huenda hakuona haja ya kumwambia mtoto. Mimi pia nina watoto sasa, na yapo ambayo siwaambii.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliigeuza baiskeli. "Panda. Wewe ndiye unayeijua sura yake vizuri."

Kwenda kambini kwa miguu kulichukua zaidi ya saa mbili, na baiskeli ilisaidia kwenye tambarare na miteremko tu. Kwenye milima tuliisukuma, yeye mbele mimi nyuma. Aliongea mara moja tu njia nzima.

"Ana watoto wangapi?"

"Watatu."

Baada ya hapo nilisikia pumzi yake tu, na katikati ya pumzi, "Yesu, Maria na Yosefu," kila alipokanyaga pedeli. Nilijaribu kumsaidia kusali nikashindwa. Nilichokiona kichwani ni sufuria. Niliona sufuria inawekwa mafigani, naona kifuniko, naona watoto watatu nisiowajua wameizunguka.

Tulipofika juu ya kilima cha mwisho Baba alisimama. Chini yetu vibanda vya majani na maturubai vilitandazwa mpaka macho yakachoka, na moshi ulikuwa umeanza kupanda. Si moshi mmoja. Mamia. Kila niliouangalia niliona ni wake.

"Wanaanza kupika," Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Matangi ya maji yalikuwa mengi, hilo hatukulijua. Kwenye la kwanza palikuwa na foleni ndefu ya akina mama na ndoo zao. Baba akawaamkia, akauliza kama wanamfahamu mwanamke anayeitwa Konsolata, mwenye watoto watatu, aliyerudi leo na maharage.

"Mwenye maharage?" mmoja akajibu. "Baba, huyo hata sisi tunamtafuta."

Wakacheka foleni nzima. Mwingine akaongeza, "Ukimpata mwambie shoga zake tuko hapa." Sikuwalaumu, wala siwalaumu leo. Walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi na walihitaji kicheko. Lakini Baba aliinamisha kichwa, akaisukuma baiskeli kuelekea tangi la pili.

Kwenye tangi la pili hakuna aliyemjua. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha mkono mmoja juu ya kilima. Harufu ya vyakula ilitufuata kila uchochoro, na mimi nilikuwa nikinusa kama mbwa, nikitafuta harufu ya maharage na nikiogopa kuipata.

Karibu na tangi la tatu tulisikia rozari. Watu kama arobaini walikuwa wamepiga magoti chini ya turubai, mbele yao msalaba wa fito mbili. Konsolata alikuwa mstari wa pili. Nilimjua kwa mgongo, kwa kuwa nilikuwa nimeutazama mgongo ule asubuhi nzima. Nikamvuta Baba shati, nikaonyesha.

Baba yangu alikuwa mtu ambaye hata nyoka akipita katikati ya sala atamaliza kwanza fumbo lake la rozari. Siku ile alikanyaga miguu ya watu, akaingia katikati ya Salamu Maria, akainama sikioni mwa Konsolata. Sauti zikapungua, zikakatika. Baadhi ya wanaume wakasimama. Siku zile mwenyeji akimfuata mkimbizi mpaka kambini, kwa kawaida alikuwa amekuja kudai mwizi wake.

Konsolata naye alidhani hivyo hivyo. Alipotoka nje, kabla Baba hajamaliza kuuliza, alisema:

"Sijayapika, baba. Nilijua mtoto amekosea. Kesho alfajiri nilikuwa nayarudisha."

Baba aliketi chini. Hapo hapo, kwenye vumbi, na suruali yake ya kikao.

Akatupeleka kwenye kibanda chake. Kile kifurushi cha kitenge kilikuwa kimening'inizwa kwenye nguzo, juu, watoto wasikifikie. Mafigani palikuwa na mahindi ya mgawo yakichemka tangu sijui saa ngapi. Akatueleza polepole, kama mtu anayejitetea mahakamani. Kwao naye alikuwa mkulima. Alipoyaona tu alijua. Mtu hachagui chakula punje kwa punje namna ile, ile ni mbegu, na anayekula mbegu ya mwenzake amekula mwaka wake mzima. Watoto walililia yapikwe. Akawaambia hapana. Kuhusu dawa hakusema neno, kwa kuwa hakujua. Aliuona ule unga akadhani ni majivu, kama mimi.

Yule mdogo kuliko wote alikuwa amelichezea furushi kabla halijatundikwa. Viganja vyake vilikuwa na unga mweupe, na kimoja alikuwa anakipeleka mdomoni. Baba alimwahi. Akaomba maji. Akamwosha mtoto yule mikono, akamsugua kucha moja moja, akamwosha na mdomo. Kisha akawaita wawili waliobaki, naye akiwa amepiga magoti, akawaosha wote, maji akayabadilisha mara mbili. Hakusema kwa nini.

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni na chozi. "Tangu tuvuke mto," akasema, "hakuna mwanamume aliyewagusa wanangu kwa upole hivi."

Baba aliendelea kuosha.

Kwa haraka ile tulikuwa tumekwenda mikono mitupu. Kwa hiyo tulichofanya, na lazima nikiandike, ni kuchukua mshahara wa mwanamke aliyelima asubuhi nzima, mbele ya watoto wake wenye njaa, tukamwachia ahadi. Watoto walilitazama lile furushi mpaka tulipokata kona. Yeye alituaga kwa kutushukuru.

Kesho yake kabla jua halijapanda Baba alilifunga gunia la nyuma ya mlango kwenye baiskeli, lote na mawe yake, akalipeleka. Mama aliporudi jioni kutoka Biharamulo, kitu cha kwanza alichoona ni pale nyuma ya mlango.

"Gunia liko wapi?"

"Nimelipa kibarua," Baba akajibu.

"Vibarua wangapi?"

"Mmoja."

"Huyo mmoja alilima Ngara nzima?"

Mama alipewa habari kamili baadaye, sijui lini, maana siku moja nilimkuta amelifukia lile kopo nyuma ya choo, na tangu hapo mbegu zetu zilirudi kwenye majivu.

Konsolata alikuja kutulimia mara nyingine mbili. Mara ya mwisho alimwambia Baba kwamba kikundi chao cha rozari kinamwombea kila jioni, yule mwenyeji aliyewaosha watoto wa wageni mikono. Baba alikuwa ananoa panga. Akaitikia "Asante," bila kuinua macho, akaendelea kunoa panga ambalo lilikuwa tayari kali.

Kwa miaka mingi nilidhani tumshukuru Mungu kwa sababu tulifika kwa wakati. Nimekuwa mama mzima ndipo nimeelewa kwamba hatukufika kwa wakati. Tulifika ikibaki kama saa moja jua lizame, na njaa ya watoto wale ilikuwa imefika asubuhi. Kilichowaokoa ni mama mmoja kukataa kula mbegu ya mtu asiyemjua, mtu aliyemlipa kidogo kuliko alivyostahili. Alitutunzia mwaka wetu, na bila kujua akajitunzia watoto wake. Halafu shukrani yote akatupa sisi.

Kwa nini Baba hakumwambia? Pengine aliogopa wale wanaume waliosimama, akiwa na mtoto wake pembeni, siku ambazo uvumi wa sumu ulikuwa unapita kambini na ungeweza kuwasha moto. Pengine aliona aibu tu. Naandika yote mawili kwa sababu sijui lipi ni lipi, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nina mdomo, na sikusema. Kambi ilipofungwa Konsolata aliondoka na wenzake. Hakuwahi kujua alituepusha na nini.

Jioni ile aliyorudi Mama tulikula viazi vitamu vitupu. Baba ndiye aliyesali sala ya chakula, ambayo kwa kawaida aliikimbiza kama mtu anayenyeshewa. Siku hiyo aliisema neno moja moja, akisimama katikati, mpaka viazi vikapoa, na Mama hakumharakisha.