Siku Tuliyoipiga Mhuri Meza ya Fundi

Ninyi mnaoniita Bwana Mhuri mnadhani ni heshima ya ukarani. Si heshima hata kidogo. Ni aibu niliyoipata mchana kweupe mbele ya kijiji kizima, na wengi walioiona kwa macho yao wameshatangulia mbele ya haki, ndiyo maana leo naweza kuisimulia bila mtu wa kunikatiza kwamba hapo umejipunguzia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tumehamishiwa kando ya barabara, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kinampanda, na mimi nikiwa katibu wa karakana ya kijiji. Karakana yenyewe ilikuwa banda la bati lenye fundi mmoja, lakini katibu lazima awepo, maana siku zile hata msumari haukupigiliwa bila katibu (na mimi nikakipokea cheo kwa mikono miwili, nikatafuta na kalamu ya kuchomeka mfukoni, ilikuwa haiandiki). Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, halafu nikawa tarishi mahakamani Kiomboi mwaka mmoja na nusu, kazi ya kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na kwa elimu hiyo nilijiona sina wa kunifundisha kitu.

Fundi alikuwa Mzee Mkumbo. Useremala alijifunzia kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na huko huko msumeno wa mashine ukamchukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ule haukuweza tena kubana ubao. Akawa anaukandamiza kwa goti huku anakata, mtu mzima mwenye wajukuu, yuko chini kwenye vumbi kutwa nzima. Sasa wilaya ikatangaza kwamba tarafa yetu itapewa sanduku moja la vifaa, na ndani yake mna jiliwa la chuma, lile la kufunga mezani likaubana ubao usicheze, na sanduku litakwenda kwa karakana yenye meza bora. Mzee Mkumbo aliposikia hivyo aliniita pembeni.

"Karani, nikipata jiliwa nitafanya kazi mpaka nichoke mwenyewe. Nisipolipata, goti hili limebakiza miaka miwili tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo yote yako mikononi mwangu. Na kweli yalikuwa mikononi mwangu, ndiyo balaa yenyewe.

Miguu na fremu ya meza alishaitengeneza kwa mninga, imara kabisa. Uso wa meza wilaya ilisema itatupa bure, tuchague wenyewe plaiwudi au hadibodi. Mzee akataka plaiwudi. Mimi nikataka hadibodi, kwa sababu ni laini, ina rangi ya kahawia, inang'aa, na niliiona kwenye meza ya hakimu.

"Hadibodi ni karatasi iliyoshindiliwa," Mzee akasema. "Ikinywa maji inavimba."

"Mzee, meza ya hakimu Kiomboi ni hadibodi, na watu wanahukumiwa juu yake."

"Wanahukumiwa. Hawapigwi randa."

Mnaona jibu hilo? Mtu mwenye akili angenyamaza hapo hapo. Mimi nikachukua fomu nikajaza hadibodi, nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Lori likaileta kutoka Shelui pamoja na kopo moja na karatasi ya maelekezo, ya Kiingereza. Watu wakakusanyika nisome. Nikasoma polepole, nikikohoa kila nilipofika neno gumu, mpaka nikafika mahali palipoandikwa kwamba ubao usitumike kabla haujafanyiwa kitu kinachoitwa "seal", juu na chini na kingo zote. Aa, hilo nililijua. Mahakamani nililiona kila siku, limechapwa kwenye nyaraka pale pale unapogongwa mhuri mkubwa wa hakimu. Nikatangaza bila hata kumeza mate: ubao upigwe mhuri, juu, chini na kingoni.

Mzee Mkumbo akauliza, "Mhuri wa nini? Ubao unapakwa mafuta au vanishi usinywe maji."

"Hayo ni ya huko kwenye mkonge, Mzee. Hii ni mali ya umma."

Na watu wakaafiki, msiwacheke, kwa sababu wakati ule kila kitu kilipigwa mhuri. Ukitaka kwenda kumzika mjomba wako Manyoni, mhuri. Ukiuza beberu, mhuri. Ubao wa serikali ungepona vipi? Mtu mmoja tu angeweza kutuokoa, mwalimu mkuu wa shule yetu, ambaye Kiingereza alikuwa nacho cha kweli, na muda ule ule alikuwa anapita na baiskeli yake, hatua ishirini hivi kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilimwona. Nikajua kabisa kwamba nikimwita na kumwuliza neno moja, wote watajua kuna neno nisilolijua. Nikamwacha apite. Kopo nalo sikuhangaika na maandishi yake, nikalifungua, nikanusa, nikaona ni vanishi, nikaipaka mlango wa ofisi yangu mara tatu.

Mhuri wa kijiji aliushika Ndugu Mwenyekiti, na hakuwa mtu wa kumpa mtu mhuri, aliutunza kwenye mfuko wa ndani wa koti. Basi akapiga juu, pembe zote nne na katikati. Ikabaki chini, na ubao ulikuwa umeshapigiliwa misumari. Mwenyekiti alikuwa na kitambi cha haja. Akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini ya meza, miguu ikabaki nje.

"Ndugu Katibu, hapa?"

"Sogea kidogo kushoto, Ndugu Mwenyekiti, usiwe upande."

Alitoka na wino kwenye paji la uso. Kingoni mhuri haukuenea, ukashika kipande tu cha maandishi, kwa hiyo juu tulikuwa kijiji na pembeni tukawa jiji. Mimi nilisimama pale nimefunga mikono nyuma, nasimamia. Mzee Mkumbo alikwenda kukaa nje, akasema kwa Kinyiramba jambo ambalo hata leo sitalitafsiri.

Mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa. Alhamisi jioni nikaona meza ina vumbi, nikawaamuru akina mama waioshe kwa maji na sabuni, ndoo nne. Wino ukachuruzika, meza nzima ikawa zambarau. Nikaamuru waisugue tena. Asubuhi nikaona bado haijatakata, ndoo nyingine tatu, halafu nikamwita Mwenyekiti aipige mihuri upya, ikiwa mbichi vile vile. Nikagusa katikati nikaona pameinuka kidogo. Nikajiambia ni macho yangu.

Mkaguzi akafika saa tano, kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. Kijiji kizima kilikuwepo, watoto wa shule wameimba. Akasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akaegemea meza kwa viwiko viwili kusikiliza risala yangu, ambayo ilikuwa ndefu bila sababu. Alipojiinua, shati lilikuwa na mhuri kwenye kila kiwiko. Watu wakaanza kukohoa. Akasema basi, fundi atuonyeshe kazi.

Mzee Mkumbo akaweka ubao mezani. Ubao ukayumba huku na huku, maana hadibodi ilikuwa imevimba kati ya misumari ikafanya nundu. Akajaribu kuukandamiza kwa mkono wake ule mbovu, akasukuma randa mara moja, na hadibodi ikang'oka kwenye misumari kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, ikajikunja, ndani imelowa mithili ya mkate kwenye chai.

Mkaguzi akaokota kipande. "Hii mihuri ni ya nini?"

Hapo ndipo mtu anatakiwa kuanguka na kuzimia. Mimi nikapiga hatua mbele, nikainua karatasi, nikamsomea lile neno kwa sauti ya mahakamani.

Mkaguzi akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. "Ndugu Katibu, wamesema ubao uzibwe vinyweleo usinywe maji. Wewe umeupa kibali cha kusafiri." Halafu akauliza, "Na kopo lililokuja nao liko wapi?"

Vichwa vyote viligeuka kuutazama mlango wa ofisi yangu, unavyong'aa juani, na mama mmoja nyuma akasema, "Si lile pale." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti naye alicheka, mtu aliyelala chali chini ya meza na mhuri mkononi.

Mzee Mkumbo hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza kwa upole, "Na jiliwa letu, Ndugu Mkaguzi?"

"Mzee wangu, nitakufungia juu ya nini?"

Sanduku lilikwenda kijiji kingine, huko upande wa Shelui.

Kesho yake asubuhi nilikwenda karakana na maneno yangu ya kuomba radhi nimeyapanga vizuri. Nikamkuta ameshapiga goti, msumeno mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shika hapo."

Nikashika. Nikashika kesho yake pia, na wiki iliyofuata, kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi yenye mlango mzuri kuliko yote tarafani. Tangu hapo neno nisilolijua naliuliza, hata kwa mtoto wa darasa la kwanza, na mkinisikia natafsiri kitu bila kuuliza nipigeni kofi. Lakini kiapo hicho hakikumsaidia yule mzee. Kilichomsaidia ni mikono yangu hii miwili, niliyombania mbao miaka minne mpaka alipoacha kazi mwenyewe, na katika miaka yote minne hakuna hata siku moja aliyosema nabana vizuri.