Kilemba cha Njano Raundi ya Sita

Erasmus Rwegasira hakuuza raundi. Hilo liandikwe kwanza, kwa sababu pale Chamazi, alikokuwa akiishi, kuanzia kwa muuza mkaa mpaka saluni iliyo jirani na kanisa, bado wapo wanaosema aliuza, kana kwamba walikuwa mfukoni mwake. Wengine wanamtaja hata aliyemnunua. Mmoja ameongeza na pikipiki, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Raundi aliziacha, naam, tena nyingi, tangu pambano lake la kwanza hadi la mwisho. Kuacha si kuuza. Anayetaka kujua tofauti na asome. Asiyetaka arudi saluni.

Erasmus alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini. Mchana alishughulika na makaratasi ya makontena, jioni alipiga mfuko wa mchanga kwenye gym ya kocha Salumu, Tandika. Mkono alikuwa nao. Alipompata mtu sawasawa, mtu huyo alikaa chini kufikiria maisha yake. Tatizo lilikuwa pumzi, maana pumzi yake ilikuwa ya karani. Mkewe Kokuberwa, mwalimu wa hisabati wa sekondari, aliipima kwa saa ya mkononi, jikoni, mumewe akipiga hewa mbele ya friji. Ikatoka dakika kumi na mbili. Baada ya hapo mikono ilishuka yenyewe.

"Pambano ni raundi sita," alimwambia. "Kila moja dakika tatu. Jumla?"

"Kumi na nane, Mwalimu."

"Na wewe unazo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sasa hizo sita zilizopungua utaziazima wapi, Baba Clara?"

Erasmus akasema kocha anasema kinachotakiwa ni moyo. Kokuberwa akasema moyo haumo kwenye hesabu.

Alikuwa amezisoma kanuni za majaji, ukurasa kwa ukurasa, na akaona kwamba usahihishaji wao ni wa ajabu. Anayeshinda raundi kwa tabu anapewa kumi. Anayeshinda kwa kumtwanga mwenzake anapewa kumi hizohizo. Mshindwa, ilimradi hakuangushwa, anapata tisa, awe amepigana kufa na kupona au amejikunyata kwenye kamba akisubiri kengele. Kwa miaka kumi na minne Kokuberwa alikuwa akiwaambia kidato cha nne wasiendelee kutoa jasho kwenye swali lisilo lao. Hakuona kwa nini mume asiambiwe vilevile.

"Raundi nne zinakutosha kushinda," alisema. "Mbili waachie. Lakini ukishindwa, shindwa huku umepumzika. Mwache yeye ajichoshe kupiga viwiko vyako."

Salumu alipoambiwa alishika kiuno. "Shemeji, mie nina miaka thelathini kwenye ngumi. Ngumi siyo mtihani wa moko."

"Na katika hiyo miaka thelathini, kocha, umetoa mabingwa wangapi?"

Salumu akaenda kuzoa maji yaliyomwagika, ingawa hayakuwa mengi.

Likabaki jambo moja. Erasmus akishaguswa kichwani alisahau ni raundi ya ngapi. Safari moja aliacha tatu mfululizo akidhani ni ileile. Kumsikiliza Salumu kusingesaidia, kwa kuwa Salumu raundi zote alikuwa na ushauri mmoja tu: piga. Ndipo kikanunuliwa kilemba cha njano. Kokuberwa akisimama, kilemba kinaonekana kutoka ulingoni, maana yake pigana. Akikaa, kilemba kinapotea katikati ya vichwa vya watu, maana yake pumzika.

Waliokaa nyuma yake hawakufurahi. "Mama, kaa basi. Tumekuja kuona ngumi, hatujaja kuona kitambaa."

"Subirini raundi ya pili, nitakaa," aliwajibu, na kweli raundi ya pili alikaa, wakamshukuru.

Kwa mpango huo Erasmus alishinda mapambano saba. La nane lilikuwa dhidi ya Godlisten, mwenye bucha pale Ubungo, mwenye mabega ya mtu anayebeba nusu ng'ombe kila alfajiri. Mshindi angekwenda Mwanza kugombea mkanda, raundi kumi. Wiki nzima kabla ya pambano Erasmus alikuwa akiimba nyumbani. Kokuberwa aliandika kwenye ukingo wa daftari: dakika thelathini toa dakika kumi na mbili. Akalitazama jibu, akafunga daftari, akaenda kuzima jiko. Hakumwambia mumewe kitu.

Wakati huo mama yake Erasmus alikuwa mjini kwa matibabu ya macho. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe Jumapili jioni huenda kwenye mazoezi ya kwaya, na kwamba ule uvimbe wa mwezi uliopita ulitokana na mlango wa kontena. Nani alimwambia ukweli haijulikani mpaka leo, ila saluni ilikuwa wazi siku hiyo.

Pambano lilifanyika kwenye ukumbi wa harusi, Tandika. Raundi ya kwanza Erasmus akaichukua. Ya pili akaiacha. Ya tatu akaichukua, ya nne akaiacha, ya tano akambana Godlisten kwenye kamba kama nguo inayoanikwa. Tatu kwa mbili. Ikabaki ya sita, na pumzi ya dakika tatu hasa, kama ilivyohesabiwa. Kengele ikalia, kilemba kikawa juu.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe na mkoba wake wa kanisani, akapenya kwenye safu ya viti, akasimama mbele ya mkwewe. Wote wawili ni Wahaya, na kwa Wahaya mwanamke hamsalimii mama mkwe akiwa wima. Kokuberwa akapiga magoti palepale sakafuni, juu ya vifuniko vya soda, akaanza salamu. Kilemba kikapotea.

Ulingoni Erasmus akatafuta njano, hakuiona. Akawaza: Mwalimu amehesabu, tumeshafika. Akajikunyata.

"Piga," alipiga kelele Salumu.

"Karani, umeenda chai?" akauliza mtu wa mbele.

Godlisten mwenyewe alishangaa. Walipokumbatiana akamnong'oneza, "Braza, vipi, mbona hupigi?"

"Hii siyo yangu," Erasmus akamjibu kwa ukarimu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Salamu zilipokwisha na kilemba kurudi juu, kengele ilikuwa imeshalia. Matokeo yakawa sare. Mwanza hakwenda mtu. Na kabla giza halijaingia, Godlisten alishawaambia watu kwenye kituo cha daladala kwamba karani alikiri kwa mdomo wake kuwa raundi ile haikuwa yake.

Jumanne habari ilifika Kurasini. Mzee Najmuddin, mwenye kampuni, alimwita Erasmus akafunga mlango.

"Mtu anayeuza raundi," alisema taratibu, "kesho atashindwa kuuza kontena la mteja wangu? Mimi nakupa mihuri yote ya ofisi hii. Nieleze mpaka Ijumaa. Usiponieleza, acha mihuri mezani."

Erasmus hakueleza. Mkewe alikuwa amemsimulia kuhusu magoti, lakini yeye alikuwa tayari kukosa kazi kuliko isemwe kwamba mama yake mzazi ndiye aliyemkosesha ushindi. Hapo alikuwa mwanaume kweli, na saluni hawalisemi hilo.

Ijumaa saa nne asubuhi Kokuberwa alifika ofisini bila kuitwa, amevaa kilemba kilekile, mama mkwe akimfuata nyuma na mkoba wake. Akaeleza yote, kuanzia pumzi hadi magoti. Mzee Najmuddin alisikiliza akikuna kidevu.

"Pumzi naelewa. Kilemba naelewa. Lakini salamu ya dakika tatu, Mwalimu? Mama yangu ana miaka themanini na nane, salamu yake haijafika hata moja."

"Ni kwa vile hamjatoka Kamachumu, kwa Wahaya, mzee. Weka saa yako mezani."

Mzee akavua saa. Kokuberwa akapiga magoti kwenye zulia la ofisi, mama mkwe akakaa sawa kitini, wakaanza. Waliulizana walivyoamka. Wakaulizana walivyoamka wa nyumbani. Wakaja kwa watoto, wakaja kwa shangazi anayeumwa mguu, na kila jibu lilifuatwa na "waitu", neno la heshima la Kihaya, na mguno wa kukubali. Dakika ya tatu ilipopita walikuwa ndiyo kwanza wanaingia shambani, kwenye mnyauko wa migomba. Dakika ya nne Mzee Najmuddin akainua mikono.

"Basi, basi. Nimeamini. Erasmus, chukua mihuri yako."

Chai ikaletwa. Hapo mambo yangeishia, ila Mzee Najmuddin alikuwa mtu wa kuuliza. Akamgeukia mama mkwe.

"Lakini mama, kwenye kelele zile, na vumbi lile, kweli ulimwacha binti apige magoti?"

"Mie?" bibi akasema, akiweka kikombe chini. "Nilimwambia inuka, mwanangu, tutasalimiana nyumbani. Nilimwambia mara mbili. Akanishika na mkono kabisa nisiondoke."

Erasmus akamtazama mkewe. Kokuberwa aliomba sukari.

Erasmus hakupigana tena. Alifanya kazi Kurasini miaka mingine minane, hakuna hata karatasi moja iliyopotea mkononi mwake, na mihuri aliirudisha mwenyewe kisukari kilipomzidi. Kuhusu ile raundi ya sita alimuuliza mkewe mara moja tu, wakiwa barazani wanachambua mchicha. Hakujibiwa. Aliyeulizwa ni mjane sasa, na swali bado analetewa, na majirani, na hata na mtu wa kwaya baada ya misa. Mume hakujibiwa, hao hawatajibiwa.