Mzungu wa Gongo Kwenye Gati la Lubunga

Asiyeniamini aje aguse mguu wangu wa kulia, halafu tuongee.

Miaka ya hamsini, Kisangani ikiitwa Stanleyville, nilikuwa karani wa reli, nikiishi Lubunga. Nilikuwa ninaomba kadi, ile iliyomfanya Mwafrika ahesabiwe karibu sawa na Mzungu. Bila kadi binti yangu Vero asingepokelewa shule ya Wazungu, na nilishamwahidi. Kamati ilikuja nyumbani ikafunua sufuria, ikakagua mashuka, ikamuuliza mke wangu kama tunakula kwa uma. Kilibaki kikao kimoja ng'ambo ya mto, mbele ya padri na wakubwa wa serikali. Nikaamua kuwamaliza kwa shairi la Kifaransa.

Mchana, Wazungu wakiwa wamelala, nilijizoeza kwenye gati la feri. Ndipo akaja kijana wa Kizungu, mguu mmoja, gongo kwapani, ananuka dawa ya hospitali. Alinisikiliza, akacheka.

“Kifaransa yako iko muzuri,” akasema, “lakini inapiga magoti.”

Niliona haya, nikamwomba anifundishe. Kwa wiki nzima alinipa shairi lake, neno kwa neno. Nilielewa nusu tu. Kifaransa changu kilikuwa cha barua za ofisi, na nilidhani maneno magumu ndiyo ya heshima. Siku moja mke wangu aliniletea gatini pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, akasimama ananishangaa.

“Papa Vero, uko unasema na nani?”

Nikamfukuza. Nilidhani ananionea wivu, mpumbavu mimi.

Kwenye kikao nilisimama na tai yangu. Mstari wa tatu, padri akawa mwekundu. Kumbe nilikuwa ninatukana msalaba, mfalme na mama mzazi, tena kwa sauti tamu! Nilitaka kunyamaza, niamini, lakini mdomo haukufungika mpaka shairi likaisha. Padri akauliza nani kanifundisha. Nilipomweleza, akafungua kitabu, na picha ya kijana wangu ilikuwa humo: mshairi wa Kifaransa, mwasi tangu utotoni, aliyeacha kuandika mapema, akafanya biashara Afrika, akakatwa mguu, akafa kabla baba yangu hajazaliwa.

Kadi nikanyimwa, kazi nikafukuzwa. Kwenye feri ya kurudi nilimwona kijana yule akishuka. Alitembea kwa miguu miwili, hata hakunitazama. Nilipofika nyumbani, Vero akinisubiri mlangoni na soksi zake mpya, goti langu lilikuwa limevimba. Daktari alikata juu ya goti. Huu unaougusa ni mti.

Shairi bado linanitoka mdomoni kila mchana. Vero, mtu mzima sasa, analijua lote, na sikumfundisha mimi. Mtu usiyemjua akikicheka Kifaransa chako, mwache acheke. Mimi niliomba kufundishwa, na tangu juzi Vero anachechemea.